Kanyabayonga ya Mabati

Papa,

Nimekaa ndani ya behewa la kwanza, daftari juu ya magoti. Ni Jumanne mchana, siku ambayo hatufungui, na uwanja mzima ni mimi na kunguru. Nilitaka kuanza kwa kukuuliza habari yako, kalamu ikakataa. Basi nianze na za huku.

Mnyororo wa treni nimeupaka mafuta. Freni ya juu inashika vizuri. Ya chini inalia kama mbuzi, lakini inashika. Mvua iliingia kwenye kibanda chetu cha Alimbongo, nikabadilisha bati moja, sasa haivuji ila pale ulipotaka ivuje.

Nitaandika mambo mengi unayoyajua kuliko mimi. Univumilie. Nikiandika unayoyajua, mkono unatembea. Nikikaribia usiyoyajua, unasimama.

Ulikuwa shofer wa kamyo tangu kabla sijazaliwa. Viazi na maharagwe kwenda Goma, chumvi na mabati kurudi Butembo. Barabara ilipofungwa na vita huko chini, kamyo ikalala uani kwetu. Mwezi wa kwanza ulikuwa unaiwasha kila asubuhi, eti isisahau. Baadaye kuku wakaanza kutaga kwenye kiti chako, nawe ukawaacha. Mama angekuwa hai angewafukuza. Tulikuwa tumebaki wawili, wewe na mimi, na hao kuku.

Ndipo Patron Katembo, yule mwenye duka la mabati kule Kimemi, akaleta treni yake ya mchezo. Aliinunua Kampala, kwenye uwanja mdogo uliokuwa unafungwa: mabehewa manne, reli za vipande vipande, mnyororo wa kuyavuta juu, na mbele yake kichwa cha joka la kijani lililopoteza meno. Akaifunga kwenye kilima cha mikaratusi nje kidogo ya mji. Inavutwa hadi juu, inapinda, inateremka, imekwisha. Jumapili ya kwanza watoto walisukumana kwenye foleni. Jumapili ya tatu aliyepanda ni Patron mwenyewe na mke wake, wamekaa wima kama watu wanaopigwa picha ya ndoa.

Akakuchukua wewe ushike freni, kwa sababu aliijua mikono yako. Siku ile ya kwanza ulirudi nyumbani, ukavua viatu, ukasema: "Kavira, ile kitu haiende fasi yoyote. Inazunguka tu kama kuku yenye ugonjwa. Mutu hapandi reli. Mutu anapanda safari."

Kesho yake ulikata kichwa cha joka kwa msumeno. Kipo bado nyuma ya choo, majani yameota mdomoni. Mahali pake uliweka pua ya kamyo na taa mbili ulizozifungua kwenye kamyo yako mwenyewe. Nilikuona ukizifungua.

Ukaniita nije na rangi zangu. Mimi kazi yangu ilikuwa maandishi ya maduka, Alimentation, Salon de coiffure, Quincaillerie, na mara moja moja kichwa cha mwanamke mwenye misuko. Sikuwa nimechora milima. Ukaketi juu ya ndoo ukanisomea barabara ya Goma, kona kwa kona, kama mtu anayesali rozari, nami nikapaka. "Hapa duka yenye mulango ya bluu. Hapa muti ule ulipigwa na radi, hapana, upande ule mwingine, shofer anauona kwa mukono wa kuume."

Foleni ukaigeuza kuwa parkingi, magunia ya kukalia, na wewe mwenyewe unaita abiria: "Lubero! Kayna! Kanyabayonga! Imebaki fasi mbili!" Kule mnyororo unakovuta, injini inanguruma kama kamyo yenye mzigo, hapo hukuongeza kitu. Kwenye kona ya juu tulijenga kibanda cha mabati kisicho na dirisha, tukatundika magunia mabichi, feni ya zamani nyuma yake, na chini ya reli sufuria ya maji yanayochemka itoe ukungu. Hiyo ikawa Alimbongo. Ulipiga kelele kabla hawajaingia: "Bafunge jaketi! Baridi ya huku haiombi ruhusa!" Nakumbuka mzee mmoja, mfanyabiashara wa viazi, alifunga vifungo vyote vya koti lake, na nje jua lilikuwa linapasua kichwa.

Baada ya Alimbongo, kibanda kirefu zaidi: Kanyabayonga, siku ya soko. Mwisho wake ukaweka freni ya pili. Patron aliuliza ya nini, treni ya mchezo inasimamaje katikati? Ukamjibu: "Patron, shofer mwenye akili anasimama Kanyabayonga, anagusa freni zake, njo anashuka Kabasha." Basi treni ilisimama humo gizani kwa muda wa pumzi tatu nne, watu wanasikia soko linawazunguka, halafu unaachia, na wote wanaanguka mteremko wa Kabasha wakilia na kucheka, hadi chini mbugani kwenye nyati wangu wa mbao na nyani wangu wa mbao, kwenye majani, kwenye mwanga.

Watu walirudi, Papa. Hawakuwa watoto tu. Walikuja akina mama wenye biashara, walikuja maboyi, wale utingo wa zamani wa kamyo, alikuja padri mmoja akapanda mara mbili. Barabara ya kweli hawakuweza kuipita. Yako waliipita kila Jumapili.

Na sauti ya soko ile ulimwomba Tantine Kahindo. Dada yako alikuwa na meza yake ya ndizi pale pale Kanyabayonga, kando ya barabara, chini ya mwavuli mkubwa wa soko, mwekundu na njano. Miaka yote ulipofika kwake ulipiga klaksoni mara mbili fupi na moja ndefu, naye akaja mbio na kichane dirishani. Ulipomweleza habari ya treni alicheka hadi simu ikakatika. Halafu akarekodi soko lake akakutumia: wanawake wanaita, mbuzi, mtu anacheka mbali, na mwisho yeye mwenyewe karibu sana na simu: "Ndizi! Ndizi tamu! Shofer, shusha kioo!" Wewe ukaiweka kwenye spika ya Kanyabayonga, na kwenye nguzo ya freni ukafunga klaksoni ya kamyo. Mbili fupi, moja ndefu. Kila safari.

Kisha vita vikapanda hadi Kanyabayonga yenyewe.

Simu ya Tantine ikawa haipatikani. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wa kule walikuwa wanaingia Butembo na magodoro kichwani, nami nilisimama barabarani nikitazama nyuso. Na Jumapili treni inapanda, watoto wanacheka, na ndani ya mabati Tantine anaita ndizi kwenye soko ambalo tulikuwa tumeambiwa limetawanyika. Sikuweza. Wewe uliweza vipi? Ulipiga klaksoni yako mbili fupi moja ndefu kama kawaida, mgongo wako umenyooka.

Siku ile ulipokwenda kutafuta boliti mjini, niliingia kule na rangi zangu nikapaka ukuta wote wa Kanyabayonga upya. Niliweka watu wanaopanda kilima, magodoro, masufuria, mbuzi kwenye kamba, na mbele yao mwanamke mzee aliyeinama. Nilipaka kutwa nzima. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijua.

Asubuhi nilikukuta na ndoo ya chokaa. Ulikuwa umeshafika katikati.

"Hapana, Kavira," ulisema. "Batu banapanda huku juu ya kusafiri. Hapana juu ya kukimbia. Kukimbia banajua tayari."

Nami nikakuambia: "Basi wewe ni shofer ya uongo. Unapeleka batu fasi haiko."

Hukugeuka. Brashi iliendelea kwenda juu na chini. Ukasema, "Sawa." Ni neno la mwisho nililolisikia mdomoni mwako.

Kesho yake nikaenda Beni. Kulikuwa na famasi mpya iliyotaka maandishi, kazi ya siku tatu. Nikaifanya siku tisa. Nililala kwa rafiki yangu wa shule, nikala kwake, nikasema naona raha kubadilisha hewa. Ulipiga simu mara moja. Simu ilikuwa juu ya mkebe wa rangi, niliitazama ikilia na kuzunguka kidogo, ikasimama. Nikasema moyoni, ajifunze.

Siku ya tisa alipiga Patron. Nilikuwa kwenye ngazi, nimebakiza E ya mwisho ya PHARMACIE. Alinieleza. Ulikuwa unapaka mnyororo mafuta, ukaja kukaa kwenye gunia la parkingi, ukasema, "Nipumuzike kidogo," ukashika kifua. Walipopata pikipiki ya kukupeleka, hakukuwa na haja tena. Nilimwambia, "Merci, Patron." Nikaweka simu mfukoni, nikamaliza E. Nilihakikisha haikuinama. Halafu nikashuka, nikaosha brashi, nikatafuta usafiri.

Njia ya kutoka Beni siikumbuki. Nakumbuka harufu ya kofia ya pikipiki.

Msalaba wako niliuandika mwenyewe. Wajomba walitaka kumlipa mtu, nikakataa. Nilipima nafasi za herufi za KAMBALE, nikapaka, na makaburini watu walinitazama wakingojea nilie. Mimi nilikuwa natazama L. Nilifikiri: L imekaa vizuri. Hilo ndilo nililolifikiri, Papa, wanakushusha. Mama mmoja wa chama cha kanisa alinishika mkono akasema, "Lia, mutoto, lia." Nikamjibu, "Asante, Mama," kama mtu aliyekaribishwa chai.

Wiki mbili baadaye Patron alinijia. Si mtu mbaya, unamjua. Alisimama na kofia mikononi.

"Donc, Kavira, Mungu amupokee Papa. Mais treni haiwezi kubakia matanga. Na barabara hii... bila yeye nani ataiongea? Batu ya leo banataka kuogopa kidogo. Weka mafuvu mule ndani. Weka mashetani. Weka damu, kidogo tu, hapana mingi."

Nikasema, "Sawa, Patron." Angeniambia nipake ng'ombe wenye mabawa ningepaka. Nikanunua rangi nyeusi mikebe mitatu. Alhamisi nikapanda kilimani kuanza kazi, nikafungua mkebe wa kwanza, nikawa naukoroga kwa kijiti.

Sasa nafika pale mkono unaposimama.

Niliuona mwavuli kwanza. Mwekundu na njano, umepauka, bawa moja limekunjika, unapanda kilima peke yake kwa sababu aliyeubeba alikuwa mfupi kuliko majani. Kisha nikamwona. Tantine amekonda, Papa. Mguu mmoja sandali ya bluu, mguu mwingine sandali ya kijani. Furushi mgongoni. Alisimama kwenye parkingi akasoma kwa sauti ubao wa treni niliouandika mimi, silabi kwa silabi, akacheka.

"Treni ya shofer njo hii? Eh, Mungu wangu. Alisema niulizie treni ya shofer, kila mutu atanionyesha. Na kweli bananionyesha!" Akanishika mashavu. "Kavira. Umekuwa mifupa kama mimi. Baba yako iko juu ama chini?"

Hakujua. Alikuwa ametembea vijiji na vijiji kwa njia za mashambani, akilala makanisani, simu yake ikiwa imezimika, na alikuja moja kwa moja kwako.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni: "Panda kwanza, Tantine."

Hili ndilo nililotaka kukuandikia. Mengine yote ni njia ya kufika hapa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Haikuwa huruma, kwa sababu sikuwa nasikia kitu chochote. Labda nilitaka mtu mmoja duniani abaki bado hajajua, hata kwa muda wa mzunguko mmoja. Labda niliogopa tu. Nilimketisha hapa hapa nilipokaa sasa, mwavuli umekunjwa katikati ya magoti yake, furushi pembeni. Nikawasha injini, nikapanda ngazi kando ya mnyororo kama ulivyokuwa unapanda, polepole, hatua kwa hatua naye. Alikuwa anatazama michoro na kuongea peke yake. "Mulango ya bluu! Ah, na ule muti." Alipoingia Alimbongo nilisikia kicheko chake ndani ya mabati: "Eh! Baridi ya kweli!"

Nikashika freni ya juu. Nikapiga klaksoni, mara moja tu, kama mtu anayefukuza mbuzi. Treni ikasimama Kanyabayonga. Spika ikaanza: wanawake, mbuzi, yule anayecheka mbali. Kisha yeye: "Ndizi! Ndizi tamu! Shofer, shusha kioo!"

Kisha sauti yake ya kweli, kutoka ndani ya mabati:

"Kavira."

"Niko hapa, Tantine."

"Nani amepiga klaksoni?"

"Ni mimi."

"Hapana vile. Kavira. Kambale iko wapi?"

Nikamwambia kupitia upenyo wa mabati, sikumwona uso. Nilisema, "Tulimuzika, Tantine. Wiki tatu sasa." Maneno hayo tu. Hakunipigia kelele kwa nini nilimpandisha kwanza. Hajaniuliza hadi leo.

Alishuka mwenyewe kwenye behewa. Nilisikia sandali zake kwenye mbao. Nilipofunga freni kwa mnyororo nikaingia, alikuwa amekaa chini ya ukuta mweupe, miguu imenyooka mbele, analia kilio cha kwetu, anakuita kwa jina lako, na jina la baba yako, na jina la mama yenu, anakuuliza kwa nini umeondoka bila kumngoja wakati yeye ametembea. Nilisimama nikitazama. Sauti ya soko ilikuwa imerudi mwanzo, wanawake wanaita mboga. Nikanyoosha mkono niizime.

"Acha," alisema. "Acha bauze."

Nikaacha. Nikakaa karibu naye juu ya mbao. Akawa anasikiliza, machozi yanashuka, na kidole chake kinaonyesha hewani. "Huyu wa mboga, nilimuona Kirumba na batoto yake yote. Huyu anacheka, ni Mama Jeanne, iko mu shule moja na batu wengi, iko muzima. Huyu wa chumvi..." Akasikiliza. "Huyu sijui." Rekodi ikaisha, ikaanza tena. Akawataja tena. Alipofika kwa yule wa chumvi akasema tena, "Huyu sijui."

Baadaye akageuka akatazama ukuta. Chokaa yako ilikuwa nyepesi, Papa. Uliipitisha mara moja tu. Watu wangu walikuwa wanaonekana chini yake, kama watu waliosimama ndani ya ukungu. Akamgusa yule mwanamke wa mbele aliyeinama.

"Njo picha hii," alisema.

Nikamwuliza amejuaje.

Akanieleza. Siku moja njiani, kijiji fulani, mtu alimsaidia kuwasha simu kwa dakika chache, akakupigia. Mlilia wote wawili. Ukamwelekeza njia, ukamwambia aulizie treni ya shofer. Kisha ukamwambia habari yangu. Ulisema: "Kavira alichora batu banakimbia, na yule wa mbele ni wewe kabisa, Kahindo. Sikuweza kusimamisha treni mbele yako kila siku na sijui kama uko muzima. Nikaweka chokaa. Sasa amenikasirikia. Ana haki nusu. Nusu ingine ni yangu. Arudi tugawane."

Naye akakujibu: "Mupigie simu sasa hivi, umwambie niko muzima."

Ukanipigia.

Nilisikia yote hayo kama mtu anayesikia redio ya jirani kupitia ukuta. Nilielewa kila neno. Nilijua ni maneno makubwa. Nilikaa na mikono juu ya mapaja, vidole vina rangi nyeusi, nikafikiri kwamba simu ile ililia mara saba, ama nane, na kwamba mkebe uliokuwa chini yake ulikuwa wa rangi nyekundu.

Patron alikuja jioni kuona mafuvu yamefika wapi. Nikamwambia hakuna mafuvu. Akaanza kueleza tena, watu wa leo, woga kidogo, na Tantine, ambaye alikuwa hajawahi kumwona maishani, akasimama na mwavuli wake akamwambia: "Papa, woga tunayo ya kutosha. Tena ya bure." Patron alimtazama, akatazama zile sandali mbili za rangi mbili, akakuna shingo. Akatupa muda hadi Noeli. Watu wakirudi, barabara inabaki. Wasiporudi, mafuvu.

Basi tunafanya kazi. Tantine analala chumbani mwako. Nilimpa blanketi lako la Alimbongo, usikasirike. Asubuhi tunapanda wote, anakaa juu ya ndoo yako, anawasha sauti, anaisimamisha, ananiambia: huyu ana pengo hapa mbele, huyu anafunga kitambaa namna hii, huyu ana mtoto mgongoni kila siku, sijui mtoto yule anakua lini. Nami napaka. Chokaa sikuikwangua na sikuiongeza. Wale wanaokimbia wapo bado nyuma, hafifu, na mbele yao wanawake wanauza. Tumegawana.

Kwa mwanamke wa chumvi nilikwama. Nilimwuliza Tantine kama nimwachie nafasi tupu. Akakataa. "Mupake. Mupake na rangi muzuri kabisa. Akija ajione."

Jumapili iliyopita tulifungua. Watu walikuwa wachache, sitakudanganya. Tantine aliita abiria kwenye parkingi, ana sauti kuliko wewe, sasa anasikika hadi kule chini kwa wauza makaa. Klaksoni amenifundisha. Mbili za kwanza naziweza, ile ndefu bado naikata mapema. Alipanda rafiki yako mmoja, yule shofer mnene wa Lubero ambaye mlikuwa mnagombana juu ya nani alipita matope ya wapi. Alijibana kwenye behewa la kwanza magoti yakigusa kidevu. Kule Kanyabayonga, Tantine aliposema ndizi kutoka spikani, nilichungulia kwenye upenyo. Yule mtu alikuwa ameinua mkono wa kushoto, anazungusha mpini, anashusha kioo ambacho hakipo. Alikishusha hadi chini kabisa. Alipofika kwenye majani hakushuka mara moja, na hatukumharakisha.

Sijalia bado. Tantine anasema machozi hayana tarehe. Nakuambia ili usisikie kwa mtu mwingine ukafikiri ni moyo mgumu. Si ugumu. Ni kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi. Najua ni wangu, nauona, lakini nikiugusa ni kama wa mtu.

Neno lile nililokuambia juu ya uongo, nilirudishe. Nusu yangu ya haki naibakiza, kama ulivyosema, ila neno lile nalirudisha. Na jambo jingine ambalo sikuwahi kukwambia kwa sababu niliona aibu: mara nyingi, ukiwa kwenye freni, abiria walinisifu, wakasema huyu binti ameijua barabara, na mimi nilinyamaza nikapokea. Sijawahi kupita Lubero, Papa. Kila kilima nilichopaka ni mdomo wako. Kwa hiyo hii ndiyo ahadi: siku njia itakapofunguka, nitaenda kwa gari na miguu yangu hadi Kanyabayonga, na Tantine mbele yangu. Kule watu waliokujua wamesikia kwa simu tu, ama hawajasikia. Nitapita nyumba kwa nyumba, kwa wale watakaokuwa wamerudi, niwaambie mimi mwenyewe kwamba umekufa, ulikufa vipi, na ulikuwa unafanya nini. Sitamwambia mtu apande kwanza.

Tantine ananiita. Amepika maharagwe nyuma ya kibanda cha tiketi, ameweka na vitunguu vya majani. Tangu siku ya Beni nimekuwa nakula kama mtu anayejaza gunia, kwa sababu mdomo upo na sahani ipo. Sasa hivi harufu imepanda hadi hapa kwenye behewa, na tumbo limeitikia kwa sauti, nikaangalia pembeni nani ameongea.

Nina njaa, Papa. Wasingya, asante kwa yote. Ulale salama, mimi naenda kula.

Kavira wako